Watoto wa darasa la tano hawajui kushirikiana kabisa, nianzie wapi?

madam_mbalizi

Habari za jioni wadau, hasa walimu wenzangu na wazazi wa huku Nyanda za Juu Kusini. Nafundisha shule ya msingi ya serikali hapa Mbeya, nje ya mji kidogo, nina darasa la tano, watoto 75 kwenye chumba kimoja. Nimewapokea mwaka huu wametoka kwenye ule upimaji wa darasa la nne na kwa kweli kichwani wako vizuri, kusoma wanasoma, hesabu wanapiga. Shida yangu siyo akili. Shida ni kwamba hawawezi kukaa watano wakafanya kitu kimoja mpaka kikaisha.

Nikisema fanyeni kwa vikundi anaandika mmoja, wengine wanachungulia dirishani. Anayejua anafunika daftari kwa mkono asichunguliwe. Mtoto akikosea ubaoni darasa zima linacheka, na huyo kesho hanyooshi tena kidole. Kwenye dawati wanabanana wanne, wamechora mistari ya chaki, huku kwangu huku kwako, kiwiko kikivuka mstari ni ngumi. Halafu muhula uliopita kulikuwa na bonanza, watoto wakagawanywa Simba na Yanga wakapewa na vitambaa vya rangi, mechi yenyewe iliisha salama ila ugomvi ukahamia darasani, wa Simba hampi wa Yanga kichongeo, wasichana wawili waliokuwa wanatoka nyumbani pamoja kila asubuhi wakaacha kupitiana.

Nimeona nitumie mwaka huu maana la tano ndio darasa lenye nafasi, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi bado uko mbele. Sitaki michezo ya siku moja wafurahi halafu Jumatatu tunarudi palepale. Nataka wakitoka mikononi mwangu wawe watoto wanaotegemeana, wanaokubali kushindwa bila kununa, wanaosema ukweli hata kama hakuna aliyewaona. Somo la maadili lipo kwenye ratiba na tunalifundisha, wanaweza kukutajia faida tano za ushirikiano bila kukosea na wakishamaliza kuzitaja wanapigania rula.

Hela shule haina. Tuna mpira mmoja, kamba na uwanja wenye mteremko, na mnajua mvua za huku zikianza Novemba mpaka kule Aprili na Mei uwanja wote ni tope. Aliyewahi kulifanya hili anieleze alianza na nini hasa, nitashukuru sana.

mwl_michezo_kilolo

Kamwene madam. Mi ni mwalimu wa michezo huku Iringa, watoto wangu nimewapeleka sana UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, ngazi ya wilaya na mkoa kwa hiyo niruhusu niongee upande wa uwanjani, wa darasani watakuja wengine.

Kwanza hilo la Simba na Yanga lisirudiwe tena. Hizo timu mtoto anakuja nazo kutoka nyumbani, baba anayo, mjomba anayo, ukimvalisha kile kitambaa unampa ugomvi ambao ulikuwepo hata kabla hajazaliwa. Wape majina ya milima na mito ya hapohapo kwenu, Loleza, Ngozi, Kiwira, Rungwe, majina ambayo hakuna aliyewahi kuyazomea, na kila baada ya wiki chache unavunja timu zote unachanganya upya, yaani niliyekuwa nashindana naye mwezi huu mwezi ujao ndio ananipasia. Na tafadhali sana usiweke makapteni wawili wakachagua wachezaji mmojammoja. Kila mwalimu anamjua yule mtoto anayebaki wa mwisho pale kwenye mstari, anaangalia chini anachimba na kidole cha mguu. Huyo huwezi tena kumfundisha ushirikiano siku hiyo. Wahesabu moja mbili tatu nne, moja mbili tatu nne, basi, timu zimepatikana.

Pili mchezo wenyewe uuchague kwa akili. Kwenye mpira wa miguu mtoto mmoja mwenye kipaji anawapita wote anafunga, na wenzake kumi wamesimama wanamwangalia, mnashinda lakini hakuna kilichojengeka. Mimi nawaanzisha na netiboli, wavulana na wasichana wote, wavulana wananung'unika siku ya kwanza tu. Angalia sheria zake madam: ukishadaka huruhusiwi kukimbia na mpira, una sekunde 3 uwe umeshautoa, kila mmoja kati ya wale 7 ana maeneo yake ya kucheza na akitoka nje yake ni kosa, wanaoruhusiwa kufunga ni wawili tu, na mpira hauwezi kurushwa ukavuka sehemu nzima ya kati bila mtu kuugusa pale. Sasa hapo utafanyaje ubinafsi? Mchezo wenyewe unakukatalia. Mtoto anajifunza kuangalia mwenzake amekaa wapi kabla hata hajadaka.

Kama magoli ya netiboli hamna wala usihangaike, cheza pasi kumi. Timu inahesabu kwa sauti pasi 10 wapinzani wasiudake, ndio pointi moja. Mimi naweka na sharti kwamba hesabu haikamiliki mpaka kila mtu wa timu awe ameugusa, na hapo ndipo utaona yule mdogo asiyepewaga mpira anaitwa kwa jina lake, njoo hapa, simama hapa, nyoosha mikono, wanamfundisha wenyewe maana bila yeye pointi haiji.

Na usidharau michezo yao ya mtaani. Kombolela, wengine wote wameshakamatwa wamesimama pale kituoni, amebaki mmoja kajificha, akifanikiwa kupenya akafika kabla ya mtafutaji amewakomboa wote. Mtoto anahatarisha kukamatwa kwa ajili ya wenzake na anafanya kwa furaha. Chandimu nayo, watoto wanacheza uwanjani kwao jioni nzima bila refa, wanabishana goli halikuwa goli, wanakubaliana, wanaendelea, maana wasipokubaliana mchezo unakufa na giza linaingia. Sisi tukija na filimbi tunawaondolea hiyo kazi ya kukubaliana. Kwa hiyo siku nyingine kaa pembeni na filimbi yako mfukoni, wakikufuata na malalamiko waambie mimi sikuona, malizaneni. Ukiona ngumi ndio unaingia.

wa_busokelo

Ugonile madam, na wewe mwalimu wa Kilolo umesema vizuri sana. Mimi si mwalimu, ni mzazi na sasa babu, nipo huku Rungwe.

Niwakumbushe kitu ambacho vijana wengi wa siku hizi hawakijui hata wa huku kwetu. Zamani kwa Wanyakyusa mtoto wa kiume alianza kuchunga ng'ombe wa baba yake na wenzake akiwa mdogo, na akifika miaka 10 au 11 hivi, yaani hao hao wa darasa lako madam, alikuwa haendelei kulala kwa baba. Wanajikusanya wa rika moja, wanapewa eneo pembeni, wanajenga vibanda vyao wenyewe, wanalala huko, na wakikua wanaoa hapohapo mpaka kinakuwa kijiji chao kamili. Watafiti waliokuja Rungwe miaka ya 1930 walilikuta bado lipo wakaliandika. Na chakula walikuwa bado wanakula kwa mama zao ila siyo kila mmoja kwa mama yake. Kundi zima linaenda kwa mama wa huyu, wakitoka hapo kwa mama wa yule, na aliyejificha akala peke yake kwa mama yake wenzake walimshughulikia.

Sisemi turudi huko, watoto wakalale kwenye vibanda, hapana, na kulikuwa na mambo yake magumu pia. Ninachotaka mkione ni kwamba pale hakuna mzee aliyewakalisha akawafundisha habari za ushirikiano. Walikuwa na kibanda cha kuezeka na mvua ya Rungwe mnaijua. Mmoja akizembea kuleta majani wote wanalowa usiku huohuo. Kazi ilikuwa ya kweli na hasara ilikuwa ya kweli. Leo watoto tumewaondolea kazi zote za kweli tumewaachia daftari, na daftari ni la mtu mmoja, lina jina moja juu yake, sasa huo ushirikiano wataujulia wapi?

Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shule ziwe na mashamba, ila watu wanasahau kipande kimoja, alitaka wanafunzi wenyewe washiriki kuamua walime nini na mapato yafanye nini. Kile kipande cha kuamua ndicho kilichoanguka njiani tukabaki na jembe. Halafu jembe likawa adhabu, umechelewa nenda kalime, umepiga kelele nenda kafyeke. Mtoto aliyepewa kazi kama adhabu hawezi kuipenda, na mwenzake akimwona analima anajua huyo ana kosa.

Ushauri wangu: kitalu cha miche ya parachichi. Huku kwetu na Njombe kote watu wanatafuta miche. Mbegu za maparachichi ya kienyeji mnazipata bure sokoni Mwanjelwa zinatupwa, viriba bei yake ndogo, udongo na samadi watoto wanaleta. Mche ukifika unene wa penseli unatafuta mtaalamu wa kilimo wa kata anakuja kuwafundisha kubebesha, yaani kuunganisha juu yake kikonyo cha Hass, ile aina ya parachichi ya kisasa. Kila kikundi kina tuta lake na kibao chenye majina yao wote, siyo jina la kiongozi. Kumwagilia kwa zamu. Zamu ya Jumamosi ikirukwa kiangazi cha Septemba Jumatatu majani yameshaanguka na kila mtu anaona tuta la nani. Na likizo ya Juni nani anamwagilia? Usiwapangie. Waulize, kaa kimya, wapange wenyewe, hapo utajua nani anakaa karibu na shule na nani yuko tayari kutembea. Miche ikiuzwa hela waamue wao darasani kwa kura, hata wakiamua mpira mwingine.

mama_soweto_mby

Samahani nitaongea tofauti kidogo na msinichukulie vibaya, naongea kama mzazi. Binti yangu yuko la sita shule nyingine hapa mjini, kila kazi ya kikundi anaifanya yeye. Wenzake wanacheza, yeye anaandika mpaka saa nne usiku maana anajua kazi ikiwa mbaya na yeye anapata maksi mbaya. Halafu ikirudi wote wamepata 18 kati ya 20. Nimemuuliza unajisikiaje akaniambia mama mimi nimezoea. Hilo neno liliniuma sana. Huo nao tunauita ushirikiano? Naona tunamfundisha mtoto mmoja kubeba na wanne kubebwa, na wote watano wanakua hivyo. Mwalimu wake nikimwambia ananijibu mama mwache ajifunze kusaidia wengine.

Kwa hiyo madam ukianzisha hayo makundi yako naomba umkumbuke na huyo mtoto wa pembeni anayefanya kazi kimya.

mwanaelimu_ir

Mama Soweto nakubaliana na wewe asilimia zote, na sidhani kama uko tofauti na waliotangulia, wewe umeelezea kinachotokea kikundi kinapopewa kazi ambayo mtu mmoja anaweza kuimaliza. Watoto wana akili, wakiona mmoja anaiweza wanamwachia. Babu wa Busokelo ameshagusa jibu: kazi lazima iwe ya aina ambayo mmoja peke yake haiwezi hata akikesha.

Niwape mifano miwili halafu nije kwenye darasa la madam.

Mwaka 1954 kule Oklahoma Marekani mtafiti Muzafer Sherif na wenzake walipeleka wavulana 22 wa kama miaka 11 kambini sehemu inaitwa Robbers Cave. Waliwagawa makundi mawili, mwanzoni hata hawakujua kama kuna kundi lingine. Wakajipa majina, Eagles na Rattlers. Baada ya hapo wakawekewa mashindano, kuvuta kamba, mpira wao ule wa baseball, zawadi kwa mshindi. Siku chache tu wakaanza kuchomeana bendera, kuvamiana mabandani usiku, kutukanana. Ni bonanza lile lile la madam, na hawa walikuwa watoto wa kawaida wa familia tulivu waliochaguliwa kwa kufanana kabisa. Sasa sikilizeni hapa. Walipotaka kuwapatanisha wakaanza na kuwakutanisha tu, wale pamoja, waangalie filamu pamoja. Haikusaidia, waliishia kurushiana chakula. Kilichosaidia ni shida. Maji ya kambi yakakatika, ikabidi makundi yote mawili yakague bomba lote mpaka tangi. Gari la chakula likagoma kuwaka, wakalivuta wote kwa kamba ile ile waliyoitumia kushindana. Haikuwa mara moja, ilikuwa shida moja baada ya nyingine, na uadui ukawa unashuka kidogokidogo mpaka siku ya kurudi wakaomba wapande basi moja, na kundi lililokuwa na hela ya ushindi likawanunulia vinywaji wote.

Kwa hiyo mechi ya kirafiki ya kupatanisha Simba na Yanga wa darasani haitatosha madam, wala kuwakalisha dawati moja. Watafutie bomba lililokatika.

Mfano wa pili ni wa darasani kabisa. Mwaka 1971 mji wa Austin, Texas, shule zilikuwa ndio zimeanza kuchanganya watoto weupe, weusi na wenye asili ya Mexico, ikawa vurugu. Elliot Aronson na wanafunzi wake wa chuo wakaingia madarasani wakaona kila kitu ni mashindano, nani ananyoosha mkono kwanza, nani anaangukia pua. Wakaligawa somo vipande, kila mtoto kwenye kikundi anapewa kipande chake peke yake, mwenzake hana, kitabu hakuna, ukitaka kukijua lazima umsikilize huyo huyo uliyekuwa unamcheka. Na mtihani kila mtu anafanya peke yake anapata maksi zake. Mama Soweto ndio jibu lako hilo, binti yako asingeweza kubeba watu hapo hata angetaka, na maksi zake zisingeguswa na uvivu wa mtu.

Sasa darasa la madam. 75 ni namba nzuri sana, vikundi 15 vya watoto 5. Chukua mto mnaoujua, Ruaha Mkuu, ugawe vipande vitano. Cha kwanza vyanzo vyake milimani huku kwetu, Uporoto na Kipengere. Cha pili bonde la Usangu, mpunga wa Mbarali na ardhioevu ya Ihefu. Cha tatu Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, viboko na tembo wanaoutegemea, na kwamba tangu miaka ya 1990 mto umekuwa unakauka hifadhini wakati wa kiangazi. Cha nne mabwawa ya Mtera na Kidatu na umeme. Cha tano unavyoingia Rufiji mpaka baharini. Unaandika kila kipande aya moja au mbili kwa mkono, wala hauhitaji fotokopi nyingi, nakala 15 za kila kipande watoto wenyewe wa la tano wanakunakilia kama zoezi la mwandiko.

Siku ya somo kila mtoto anasoma kipande chake. Halafu, na hapa wengi wanaruka, wenye kipande cha kwanza kutoka vikundi vyote wanakutana kona moja, wa pili kona nyingine, wanaulizana umeelewaje hapa, tukaelezeje. Kona moja itakuwa na watoto 15, wapasue mara tatu. Hii hatua ndio inamwokoa mtoto dhaifu, anarudi kwenye kikundi chake akiwa amesikia wenzake wanne wanavyoeleza kitu hicho hicho. Kisha anawafundisha. Mwisho jaribio la maswali kumi, kila mtu peke yake, kimya.

Ukiangalia, mwenye kipande cha Usangu akinyamaza wa Mtera haelewi kwa nini maji ya bwawa yanapungua. Wanahitajiana kwenye somo lenyewe. Wiki za mwanzo itakuwa fujo na kelele, mwalimu wa darasa la jirani atakuja kuchungulia, mvumilie. Usipime kwa siku ya kwanza.

skauti_makambako

Naongezea kidogo tu. Kwenye skauti hili lipo toka siku ya kwanza, kambi ya mwanzilishi wetu Baden-Powell kisiwa cha Brownsea kule Uingereza Agosti 1907 ilikuwa na wavulana kama 20, wengine wa shule za matajiri wengine watoto wa wafanyakazi wa kawaida, na hakuwaweka kwa matabaka yao, aliwachanganya vikosi vinne na kila kikosi kiongozi wake ni mtoto mwenzao. Mpaka leo kikosi ni watoto sita hadi nane, zaidi ya hapo kuna anayejificha. Kwa hiyo hiyo tano ya mwanaelimu iko sawa.

Ila mimi nataka kusema kuhusu uongozi. Shuleni kiranja huwa ni yule yule, mrefu, mwenye sauti, kazi yake kuandika majina ya wapiga kelele. Huyo tunamfundisha kuripoti wenzake. Kwenye kikosi kila mmoja ana kazi yenye jina, mtunza kamba, mtunza maji, mwandishi, wa huduma ya kwanza, na zinazunguka. Madam yule mtoto wako asiyenyoosha kidole mpe ufunguo wa kabati la mpira. Ufunguo wenyewe, akae nao, aende nao nyumbani. Uaminifu unajengwa kwa kuaminiwa na kitu ambacho kikipotea kweli kimepotea.

madam_mbalizi

Ndagha fijo wote, yaani nimesoma huku naandika kwenye daftari. Babu wa Busokelo hilo la rika sikulijua na nimekulia Mbeya hii hii, nitawasimulia watoto wangu, wengi wao ni wa huko. Kitalu nimeshaongea na mwalimu mkuu leo mchana, amekubali eneo nyuma ya jiko ambako kuna bomba. Skauti umenifikirisha sana kuhusu viranja maana ni kweli kabisa.

Mama Soweto pole mama kwa binti yako, na kwangu yupo wa hivyo, namjua, nitamwangalia kwa macho mengine.

Nina maswali mawili ya mwisho kabla sijaanza. La kwanza, mwenzangu ofisini anasema kikundi kisipomaliza kazi wachape wote watano, ndio watasukumana. Mimi roho inakataa ila sina hoja ya kumpa. La pili kwa mwanaelimu, kati ya 75 ninao kama sita ambao kusoma bado kabisa, wamefika la tano hivyo hivyo. Hao vipande vyao vya mto wanasomaje?

mwl_michezo_kilolo

Hoja ya kumpa ni hii. Ukiwachapa wote watano kwa kosa la mmoja, mapumziko wanne wanamshughulikia yule mmoja choo cha nyuma, na umewaruhusu wewe. Kesho yake hawamsaidii, wanaomba ahamishwe kikundi. Nimeona timu nzuri zikiharibika hivyo, kipa amefungwa, timu nzima inazungushwa uwanja, kipa hakuja tena mazoezini. Na mkumbushe pia kwamba viboko vina kanuni zake za mwaka 2002, ni mwalimu mkuu au aliyemwidhinisha kwa maandishi, visizidi vinne, kwa kosa kubwa, siyo kila mwenye chaki na kikundi kisichomaliza zoezi.

Badala yake kikundi kisipomaliza wakalishe dakika tano, maswali mawili tu: kazi ilikwama wapi, na kesho nani atafanya nini tofauti. Wasitaje jina la mtu kwenye swali la kwanza, wataje kazi. Mwanzoni watakaa kimya au watanyoosheana vidole. Endelea kuuliza hivyo hivyo kila mara, bila ukali. Na kikundi kikifanya vizuri usiseme hongereni tu, sema ulichokiona, nimeona ulimsubiri mwenzako amalize kuandika ndio ukageuza ukurasa. Watoto wanarudia kile walichoonwa wakikifanya.

mwanaelimu_ir

Hao sita wasiwekwe kikundi kimoja na wala wasipewe kipande cha kuchora picha wakati wengine wanasoma, watajua na wenzao watajua. Mpe kila mmoja kipande kama wengine, ila siku moja kabla baada ya vipindi mkae nao dakika kumi uwasomee kwa sauti vipande vyao mara mbili tatu, waeleze kwa maneno yao mpaka vikae kichwani. Wapo watoto wa hivi ambao kusikia na kukumbuka wako vizuri, wamezoea kuishi kwa kukumbuka. Kile kipande cha Usangu kinawafaa sana kama wazazi wao wanalima mpunga, atakuwa anajua mambo ambayo hayapo hata kwenye aya yako.

Kwenye ile kona ya wenye kipande kimoja awe karibu na mtoto mpole anayesoma vizuri, siyo yule mwepesi wa kucheka. Na akirudi kwenye kikundi asiwe wa kwanza kueleza wala wa mwisho, mweke wa pili au wa tatu, asikie mwenzake anavyoanza na asikae na hofu muda mrefu. Sambamba na hilo endelea kumfundisha kusoma kwa muda wake, hii njia haichukui nafasi ya hilo. Ukianza tuletee mrejesho hapa na hata kama siku ya kwanza imekuwa fujo tupu tuandikie hivyo hivyo.